Posa Iliyoliwa kwa Kicheko

Mwaka 1973 shangazi yangu Mwanahalima alikuwa akifundisha darasa la kisomo cha watu wazima katika ghala la korosho, kijijini kwao Kisarawe. Wanaume wenye wajukuu walishika chaki kwa amri yake na kuifuta kwa amri yake. Ila lilipofika suala la nani atamwoa, mwalimu huyo huyo alihesabiwa kuwa mtoto asiyeweza kutofautisha chumvi na sukari. Mwenye kauli alikuwa mjomba wake, Mzee Pazi, kwa kuwa kwa Wazaramo wa pale mpwa ni wa mjomba, na baba mzazi husema akialikwa kusema. Sheria ya Ndoa, iliyotaka bibi harusi akubali kwa hiari yake, ilikuwa imepita miaka miwili kabla. Kwa Mzee Pazi haikuwa imefika, wala hakuwa na haraka nayo.

Kijiji kilikuwa kinajenga shule, na fundi mwashi aliletwa kutoka Visiga, upande wa Kibaha. Jina lake Kitwana, Mnyamwezi ambaye baba yake alikuja kukata mkonge akabaki. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuondoka na kofia yako, na ukikasirika, asiye na adabu ni wewe. Kwa ruhusa hiyo Kitwana alimwita Mwanahalima mke wake tangu siku ya kwanza, kwa sauti, na hakuna aliyegeuza shingo.

“Mke wangu, chai yangu iko wapi?”

“Mume gani anayenuka chokaa! Babu yako alitembea toka Tabora mpaka pwani na mzigo wa watu kichwani, wewe hata kikombe huwezi kujibebea?”

“Babu alibeba pembe za ndovu. Mimi nitakubeba wewe.”

“Utavunjika kiuno, mtani.”

Watu walicheka, nao wawili wakacheka zaidi. Jioni Kitwana aliketi benchi la nyuma la kisomo, ilhali alikuwa amemaliza darasa la saba na anasoma gazeti bila kufuata mstari kwa kidole. Mwanahalima alimwona na hakumfukuza. Shule ilipofikia kuezekwa, siku moja Kitwana alimngoja mlangoni pa ghala na, kwa mara ya kwanza, akamwita kwa jina lake.

“Mwanahalima. Nikimtuma mtu kwa mjomba wako, utanikataa?”

“Mtume,” alijibu.

Hapo Kitwana akafanya kosa ambalo Mchaga au Mhaya asingelifanya kamwe. Ilimpasa kumtuma jirani yeyote asiye mtani wa Wazaramo. Yeye, kwa heshima ya umri, alimtuma Mzee Mwinjuma, Mnyamwezi mwenzake, pamoja na kanzu ya mjomba, doti ya kanga ya mama na beberu aliyenona.

“Karibuni, wezi!” Mzee Pazi, aliyeketi na wazee wenzake, alipiga kelele alipomwona Mzee Mwinjuma na wabeba zawadi wakiingia uani. “Leo mmekuja kurudisha mlichoiba?”

“Mzee Pazi, leo nimekuja kwa heshima. Kijana wangu Kitwana anamtaka binti yenu.”

“Na mimi namtaka mama yako! Yuko wapi, umemwacha Tabora?”

Wazee waliangua kicheko. Mzee Mwinjuma alirudia maneno yake, wakacheka zaidi. Mtani hana haki ya kununa, kwa hiyo mwishowe naye akacheka kidogo, na katika kicheko hicho kidogo posa ikafa. Beberu alichinjwa pale pale. Aliyempika ni Mwanahalima. Alisikia vicheko kutoka jikoni, akaona nyama inaletwa, akaamini kwamba wamekubali. Aliweka iliki, akaimba. Hakuna hata mzee mmoja aliyefikiri kwamba mpishi anastahili kuambiwa anapika nini.

Kitwana aliambiwa neno moja tu: “Wamecheka.” Alifungasha mwiko na timazi yake, akarudi Visiga bila kuaga. Kabla mwezi haujaisha, Mwanahalima akajulishwa kwamba ameposwa na Mwinyimadi, mfanyabiashara wa nazi mwenye wake wawili.

“Mjomba, mimi nina posa tayari.”

“Posa ipi?”

“Ya Kitwana. Beberu mlimla.”

“Aa, yule! Mpwa wangu, yule alikuwa wa utani.”

Alilia, akafokewa. Alisema na mama yake, akaombwa asiwaaibishe wakubwa. Wakubwa waliokwisha kula posa ya mtu na kupangusa midomo hawakuonekana na aibu yoyote.

Siku ya kufunga ndoa, shehe aliwatuma mashahidi wawili chumbani kumwuliza bibi harusi kama anakubali. Desturi ni kwamba ananyamaza, nao wanatoka na kusema amekubali. Mwanahalima hakunyamaza. Alisema kwa sauti ya darasani, ikasikika mpaka barazani.

“Sikubali! Nimeshaposwa na posa imeliwa. Kanzu aliyovaa mjomba sasa hivi ndiyo yenyewe.”

Macho yote yalikwenda kwenye kanzu. Mzee Pazi alicheka peke yake.

“Shehe, huo ulikuwa utani wetu na Wanyamwezi.”

“Mzee Pazi,” alisema shehe, “ndoa ni katika mambo ambayo mzaha wake huhesabiwa kweli. Na bibi harusi akisema hataki, mimi hapa sina kazi.”

Aliinuka akavaa viatu. Mwinyimadi alimfuata akitukana.

Kesho yake Mwanahalima alikwenda Visiga. Alimkuta Kitwana juu ya jukwaa la mbao, anapiga lipu.

“Umetumwa kuja kunicheka?” aliuliza bila kushuka.

“Sikutumwa. Beberu wako nilimpika mimi nikidhani ni wa harusi yangu. Shuka.”

Alishuka.

Safari ya pili Kitwana alimtuma jirani asiye na utani na mtu yeyote. Mzee Pazi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akadai beberu mwingine, kwa kuwa yule wa kwanza, alisema, hakuwa wa posa. Kitwana, kwa kuchoka, alikuwa tayari kumtafuta.

“Hata kwato hawapati,” alisema Mwanahalima.

Ndoa ilifungwa Visiga, baba mzazi akimwoza binti yake mwenyewe, Mzee Pazi akiwa amesusa. Wageni walipewa wali na maharage. Wapo wa ukoo wetu ambao mpaka leo huiita ile harusi kavu. Niliwahi kumfikishia shangazi maneno hayo.

“Kavu?” alisema. “Safari hiyo ya pili niliambiwa ninachopika, nikala, nikashiba.”