Kanuni Yenye Nyundo

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niweke mikono nyuma. Karakana ilikuwa Ngamiani, chumba kirefu chenye paa la bati, na ukutani zilitundikwa fidla, udi na magambusi yaliyosubiri kutengenezwa. Nilikuwa kijana wa Nguvumali, mtoto wa mkata mkonge, na chombo pekee nilichokijua kwa karibu ni kinanda cha kukanyaga cha kanisani kwetu. Fundi Mkuu, Mdigo wa makamo aliyejulikana mjini kwa kutengeneza kanuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, alinitazama nilivyoshika patasi.

"Iweke chini," alisema. "Leo unatumia masikio. Mikono utapewa ukishajua inakwenda wapi."

"Mpaka lini, Fundi?"

"Mpaka nichoke kukuambia."

Nayaandika haya kwa ajili ya mafundi vijana wanaoniuliza kazi yetu ilifanywaje, na hasa kwa sababu ya piano moja ya Kifaransa ambayo ilibaki kidogo tu itolewe matumbo. Nimefanya kazi na vyombo vingi. Sijapata kukiheshimu kingine kama hicho.

Kwanza nieleze neno moja la karakana yetu. Fundi Mkuu hakusema tunalinganisha sauti za vyombo. Alisema vinaamkiana. Asubuhi angeuliza, "Fidla imeshaamkia?" akiwa na maana kwamba nyuzi zake zimekazwa au kulegezwa hadi zikubaliane na chombo kilichopo. Mdogo ndiye anayemfuata mkubwa kumpa shikamoo, na kwake mkubwa alikuwa chombo kisichoweza kubadili sauti yake upesi. Fidla unazungusha kigingi, imekwisha. Akodiani ndani yake ina vibati vidogo vya chuma, na kubadili sauti yake ni kukwangua kibati kimoja kimoja. Kwa hiyo siku zote akodiani ilikaa kitako ikaamkiwa na wengine.

Sikuwa nimekaa sana pale tulipoitwa shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Katika jumba la starehe la mabwana wa zamani ilibaki piano kubwa ya jukwaani, ile ya kulala, yenye mkia mrefu. Mpishi wa pale alikuwa akiiita jeneza, akakataa kukaa nayo chumba kimoja. Ilitengenezwa Paris zama za babu za babu zetu. Mbao zake za nje zilikuwa na wekundu ulioiva, zimebandikwa ngozi nyembamba ya mti, na miguu ilichongwa kwa mkono usio na haraka.

Fundi Mkuu aliinua kifuniko, akachungulia. Kisha akaniita.

"Elia, njoo uone. Hawa watu wametengeneza kanuni."

"Kanuni, Fundi?"

"Kanuni. Wameipa nyundo."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Katika piano nyingi za kisasa nyuzi nene za besi hupita juu ya nyuzi za katikati, zikikatana nazo kama mtu aliyekunja mikono kifuani. Katika piano hii nyuzi zote zilikwenda sambamba, kutoka mbele hadi mkiani, kama za kanuni. Pia haikuwa na fremu moja ya chuma iliyomwagwa kwa kalibu. Ilikuwa na vipande vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu juu ya mbao, na mbao zenyewe ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya mzigo. Matokeo yake unayasikia. Piano ya kisasa ina sauti moja kubwa, imekolea kuanzia chini hadi juu. Ile ilikuwa na watu wanne ndani. Besi yake ilikuwa kavu na safi, haikuwafunika wenzake. Teno ilikuwa na ukali kidogo wa puani. Alto ilikuwa laini. Na juu kabisa sauti zilikuwa fupi na angavu, kama kijiko kikigonga glasi. Mimi niliyekulia kwenye kwaya niliwatambua wote wanne siku ile ile, ingawa nyuzi zilikuwa na kutu na zimeachana vibaya.

Karani mkuu wa shamba alitaka iimbe pamoja na bendi yao ya densi. Sharti lake lilikuwa moja: ifikie sauti ya akodiani. Fundi Mkuu alianza kukaza vigingi polepole, uzi baada ya uzi. Katikati ya kazi uzi mmoja ulikatika kwa mlio wa bunduki, na baada yake tukasikia mbao zikiguna ndani. Aliondoa ufunguo wa kukazia vigingi, akaufutia kwenye shati lake.

"Basi," alimwambia karani. "Huyu bibi hapandi ngazi."

"Sasa nitafanya nini naye?"

"Mwache akae. Akija anayemjua, atamkalisha vizuri."

Piano ikafunikwa turubai. Nami nikaondoka na ile sauti ya mbao kuguna.

Kituo changu cha pili kilikuwa chuo kimoja cha ualimu, ambako niliajiriwa kutunza vyombo. Mkuu wa Idara ya Muziki alikuwa Msambaa wa Lushoto, mpole, mwenye ukaidi wa kutaka kila jambo lielezwe hadi mwisho. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza mawimbi. Ukipiga nyuzi mbili zilizokaribiana sauti lakini hazijalingana, utasikia mtikisiko, wau-wau-wau. Kadiri zinavyokaribiana mtikisiko unapungua mwendo, na zikilingana unakufa. Fundi wa piano haisikilizi sauti peke yake; anausikiliza mtikisiko huo.

"Usiniambie imelingana," alizoea kusema. "Niambie wimbi limekwenda wapi."

Alinifungulia maktaba yake. Nilisoma mchana wa mapumziko, kamusi pembeni, neno kwa neno. Humo nilielewa kitu kilichokuwa kimenishangaza kule shambani. Nilipobonyeza kitufe kimoja mara nyingi kwa haraka, nyundo ilijibu hata kabla kitufe hakijarudi juu. Ni ufundi wa Wafaransa hao. Nyundo ikishapiga uzi hairudi hadi nyumbani. Inadakwa nusu ya njia, inasubiri hapo, tayari kupiga tena. Leo karibu kila piano kubwa duniani ina mtambo wa aina hiyo, lakini mtu wa kwanza kuuwaza alikuwa na subira ninayoionea wivu. Nilisoma pia kwamba zamani Wafaransa waliweka sauti yao ya kipimo chini kidogo ya tunayoitumia sasa. Yule bibi hakuwa amechoka tu. Hata ujanani hakukusudiwa kufika pale karani alipomtaka afike.

Nilipohamia hoteli moja ya ufukweni, upande wa Tongoni, nilikuwa nimeshika umri. Meneja wa hoteli alinionyesha ukumbi, kisha akanionyesha kilichokuwa kimesimama kwenye kona. Niliitambua kwa miguu yake kabla ya turubai kutolewa. Shamba lilikuwa limeuza mali zake, na yeye aliinunua kwa uzuri wa mbao.

"Mzee Elia," alisema, "nitakuwa mkweli. Nataka sura yake. Seremala atatoa nyuzi na vyuma vyote, tutaweka kinanda cha umeme ndani. Wageni wataona piano ya kale na watasikia kitu kinachofanya kazi."

Sikumlaumu. Meneja yule alikuwa mtu makini, na ukumbi wake ulikuwa na harusi karibu kila wiki. Nilimwomba jambo moja: niitengeneze, ijaribiwe na kikundi cha taarabu kilichokuwa kikipiga pale, na ikishindwa, nitashika bisibisi mwenyewe.

"Iende na kikundi," alisema. "Siyo ipige peke yake vizuri halafu wenzake wakose pa kuingilia. Ikiwashinda, Alhamisi jioni seremala anaingia."

Hapo vijana wa ufundi wasome polepole. Kosa la kwanza la mtengenezaji ni kutaka chombo cha kale kiwe kipya. Ubao wa sauti, yaani ule ubao mpana ulio chini ya nyuzi unaoutetemesha ukumbi mzima, ulikuwa na nyufa. Mtu mmoja kabla yangu alikuwa amezijaza gundi ngumu ya plastiki. Niliikwangua yote. Nikapasua vijiti vyembamba kutoka ubao wa piano ya ukutani iliyokwisha kufa, mti wa jamii ya msonobari, mkavu kwa miaka mingi, nikavipachika kwenye nyufa kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe niliyoichemsha mwenyewe. Wafanyakazi wa jikoni walilalamikia harufu. Lakini gundi ya ngozi ukiipa joto na maji inaachia. Fundi atakayekuja baada yangu akiona nimekosea, ataweza kufungua. Gundi ya plastiki inamnyima nafasi hiyo.

Nyundo zilikuwa zimevikwa sufu iliyoshindiliwa, na nondo walikuwa wamekula baadhi. Nilizivika upya, nyembamba kama zilivyokuwa, maana nyundo nzito ingewapa wale watu wanne koo moja. Nyuzi niliweka za chuma laini, zisizovuta mbao kupita kiasi. Kisha likabaki swali ambalo Fundi Mkuu aliliacha mezani: sauti ya nani?

Nikiikaza hadi sauti ya akodiani, mbao zingeguna tena, na safari hii zisingeishia kuguna. Nikiiweka kwenye kipimo cha kale cha Kifaransa, ingekuwa salama, lakini ingeachana na akodiani kwa kiasi kidogo, kile kinachowasha masikio kuliko hitilafu kubwa. Wakubwa wawili walikuwa wamekutana mlangoni, hakuna anayeweza kuinama. Nilikaa mbele yake siku nzima na sikufanya kitu.

Jibu lilikuja nilipoacha kuvitazama vyombo nikawatazama wapigaji. Akodiani haiwezi kushuka. Vidole vya mpigaji vinaweza. Niliishusha piano chini zaidi ya kipimo cha Wafaransa, nusu hatua kamili chini ya kipimo cha leo, yaani umbali wa kitufe kimoja hadi kile kinachokigusa ubavuni. Sasa kila sauti ya piano ilikuwa na mwenzake kwenye akodiani, ila jirani. Mbao zilipumua. Fidla na kanuni zingelegeza nyuzi kidogo na kuamkia. Salehe, mpiga akodiani, ndiye angehamisha vidole.

Alhamisi mchana kikundi kilikuja kwa mazoezi. Meneja alikaa kiti cha nyuma. Seremala naye alikuwepo, kisanduku cha vyombo kikiwa miguuni. Tulichagua wimbo usio na zile sauti za robo, zinazokaa katikati ya vitufe viwili, ambazo piano haina. Nilipomweleza Salehe, aliruka.

"Mzee Elia, wimbo huu naupiga kwenye vitufe vyeupe vitupu! Ukinishusha unanipeleka kwenye vyeusi vyote!"

"Vyeusi navyo ni vyako, si umenunua akodiani nzima?" alisema Bi Mwanaidi, mwimbaji wao, akijifunga mtandio. Alikuwa mama mtu mzima, na kikundi kizima kilimwogopa.

"Bibi, vidole vyangu vimezoea."

"Na koo langu limezoea kupigiwa kelele na akodiani yako. Shuka, mwanangu. Hapo juu unakaa na nani?"

Wakaanza, mpiga kinanda wao akiwa kwenye piano. Salehe alikosea mara mbili, akaapa, akaanza tena. Halafu akaingia. Mimi nilikuwa nasikiliza mbao na sikusikia mguno wowote. Niliisikia besi kavu ikitembea chini bila kumkanyaga mtu, na zile sauti angavu za juu zikimjibu mpiga kanuni kana kwamba wametoka karakana moja. Ulipofika mstari ambao Bi Mwanaidi kwa miaka ya karibuni alikuwa akiukwepa, akiwaachia waitikiaji, aliushika mwenyewe. Nusu hatua ile ndiyo iliyokuwa ikimshinda. Aliushika hadi mwisho, akaufungua, akauteremsha taratibu. Mpiga fidla alisahau kupiga.

Wimbo ulipokwisha Bi Mwanaidi aliisogelea piano, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Nani alikuwa anataka kumpasua huyu?"

Meneja alikohoa. "Seremala," alisema, "meza za barazani zinayumba. Anza na hizo."

Nimestaafu kwa hiari, kabla masikio hayajaanza kunidanganya. Zile sauti za juu kabisa bado nazisikia, lakini sasa inanibidi nizingojee, na fundi akianza kungoja ni vizuri aondoke. Fundi Mkuu alifariki bila kuisikia piano ile ikiwa imekalishwa. Ningependa angeisikia. Jina alilompa mchana ule, kanuni yenye nyundo, ndilo lililoniongoza kuliko vitabu vyote, kwa sababu lilinikataza kuifikiria kama piano ya kisasa iliyozeeka.

Anayeitunza sasa ni Rehema, fundi hodari aliyesomea umeme kabla ya kuingia kwenye nyuzi. Mwezi uliopita alinipigia simu kutoka ukumbini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Nimeweka kile kipimo cha sauti cha kwenye simu. Kinaniwakia nyekundu kila uzi. Kinasema piano yote iko chini. Wageni wapya nao wanauliza kwa nini isikazwe."

Nilitaka kumweleza habari za mbao, karani, na uzi uliokatika. Badala yake nilimwuliza, "Hapo ukumbini, nani mkubwa?"

Nilimsikia akibonyeza kitu, kisha kwa mbali sauti moja ya teno, yenye ule ukali wa puani, ikalia hadi ikaisha yenyewe.

"Tayari, baba," alisema. "Simu nimeishusha kipimo chake. Imeamkia."