Pale pa Tarumbeta

Mpiga saksafoni anayezunguka mashuleni kuwaonjesha wanafunzi jazi hana mbwembwe, na kusema kweli kuongea na watoto hajui. Anajifuta mikono kwenye suruali ileile ya kahawia, analamba midomo, anapuliza. Akifika katikati ya wimbo ananyamaza, anageuka kushoto, anasubiri. Kushoto hakuna mtu. Kila shule hapo wanapiga makofi wakidhani umekwisha. Yeye anawaacha, kisha anaendelea.

Leo msichana wa mstari wa mbele kashindwa kuvumilia. "Babu, umesahau wimbo?" Ukumbi ukaangua kicheko. "Sijasahau, mjukuu wangu. Hapo anajibu mdogo wangu kwa tarumbeta. Kwenye jazi mmoja anauliza, mwenzake anajibu." "Sasa yuko wapi?" "Tulimzika mwaka jana." Kicheko kikakatika. Msichana akatazama viatu vyake, akasema, "Basi rudia, tukujibu sisi." Akarudia. Alipogeuka kushoto, ukumbi mzima ukamjibu, la-la-la za ovyoovyo, nusu nje ya wimbo, lakini kwa moyo wote. Mwalimu wao akafurahi mpaka akasimama. Babu akashukuru, akatabasamu vizuri tu. Kundi la pili la wanafunzi lilipoingia, akajifuta mikono, akafumba macho, akautafuta mlio wa tarumbeta ya mdogo wake kichwani. Akasikia la-la-la za wale watoto wa kwanza tu. Wimbo akaupiga moja kwa moja hadi mwisho, bila kunyamaza popote. Kushoto hakugeuka.