Chungu cha Chachu cha Pepo Benforado

Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa ishirini na tatu. Hapana, si ishirini na tatu. Mwaka ule Waislamu wa Saloniki, huku Ugiriki, bado walikuwa wakiambiana kwamba haya mambo ya kuhamishwa ni maneno ya magazeti, yatapita. Ilikuwa ishirini na nne, majira ya machipuo, meli zimeshaanza kuwabeba kwenda Uturuki, na Pasaka ya Wayahudi inabisha hodi.

Pepo Benforado alikuwa mwokaji mikate mtaa wa juu, Myahudi mfupi, unga umemkaa kwenye nyusi hata wateja hawakujua ni lini hasa alianza kuota mvi. Mali yake ilikuwa chungu cha chachu. Aliirithi kwa mama yake, na mama kwa mama yake, na kwao walisema kwamba wazee waliofukuzwa Hispania ndio walioivusha bahari, imefungwa ndani ya nguo. Kweli au si kweli, hakuna aliyebisha, maana mkate wenyewe ulikuwa mtamu. Moto mkubwa ulipoteketeza mji wa chini, walikokuwa wakiishi kwanza, Pepo aliviacha vinara vya fedha vya mkewe, Djoya, akatoka mbio na chungu. Djoya hakumsamehe. "Wanaume wenzake wameokoa dhahabu," alikuwa akiwaambia wageni, "wangu mimi kaokoa uchachu."

Aliyewapokea baada ya moto alikuwa Nefise, mjane mzee wa Kituruki mwenye nyumba ya ua na tanuri, akawapa vyumba vya upande wa pili wa ua. Hawakuwa wageni kwake. Wakati wa Pasaka Myahudi hatakiwi kuwa na chachu hata kidogo, na tangu zamani mama yake Nefise ndiye aliyekuwa akipewa chachu ya mama yake Pepo. Watoto nao waliifuata njia ile ile. Kila mwaka, kabla sikukuu haijaingia, Pepo na Nefise walishika ncha mbili za leso moja. Pepo anasema, "Chungu ni chako." Nefise anajibu, "Ni changu." Basi, imekwisha. Kinakuwa chake kweli. Sikukuu ikitoka, yeye mwenyewe kwa hiari yake anavuka ua na sinia: chungu juu, na mkate wa moto pembeni. "Haya, Wayahudi," anaita, "njooni mle kama watu!"

Mwaka ule waliishika leso kama kawaida. Lakini sikukuu ilipofika katikati, karani alipita mlango kwa mlango na majina, na jina la Nefise lilikuwemo. Meli kesho asubuhi.

Alasiri Nefise alivuka ua amekipakata chungu kimefunikwa kitambaa. Akasimama nje ya kizingiti.

"Pepo mwanangu."

"Naam, mama."

"Wamesema kesho. Hiki nakiweka wapi?"

"Mama, sikukuu haijatoka."

"Najua haijatoka, mimi si mtoto. Kwani umeniona nimeingia? Niambie tu, nimpe nani? Nimpe yule Mgriki wa maziwa akutunzie?"

Kinywa cha Pepo kilikuwa kinataka kusema ndiyo. Lakini akisema "nitunzie," papo hapo ameshakifanya chungu kuwa chake, katikati ya Pasaka. Na chachu ambayo Myahudi ameimiliki siku zile hailiwi tena na Wayahudi, hata sikukuu ikishapita. Neno moja tu la kuiokoa ndilo lingeiua. Miaka yote hapakuwa na haja ya kusema kitu, mambo yalikwenda yenyewe.

"Chungu ni chako, mama," akasema, macho chini. "Fanya upendavyo."

"Nipendavyo," akasema Nefise. "Umri wote huu, hilo ndilo neno ulilonibakizia?"

Djoya akapaza sauti kutoka jikoni. "Pepo! Mwambie!"

"Siwezi kumwambia!"

"Basi mweleze kwa nini huwezi!"

"Nikimweleza si nimeshamwambia?"

"Mungu wangu, nimeolewa na ukuta!" Djoya akatoka na mikono yenye maji, akamkumbatia Nefise pale pale nje, chungu katikati yao, wakalia wote wawili. Pepo akabaki ndani ameshika fremu ya mlango.

Asubuhi alimbebea mizigo hadi bandarini. Alibeba godoro, akabeba sufuria na birika la shaba. Furushi moja Nefise alilikumbatia mwenyewe kifuani, na Pepo aliponyoosha mkono kulipokea, akaambiwa, "Hili acha." Hakuuliza ni nini. Kuuliza nako aliogopa.

Kwenye ngazi ya meli Nefise aligeuka. "Nihalalishie, Pepo, kama kuna nilipokukosea."

"Nimekuhalalishia, mama. Na wewe je?"

"Mimi sikudai kitu," akasema, akapanda, wala hakugeuka tena.

Kabla ya wiki kwisha nyumba ilipewa wakimbizi wa Kigriki waliotoka ng'ambo hiyo hiyo alikopelekwa Nefise: Evanthia, mama mkwe wake na watoto. Sikukuu ilipotoka, asubuhi yake Pepo alikuwa mlangoni kwao, kofia mkononi.

"Samahani, dada. Mlipoingia mlikuta chungu?"

"Chungu? Tumekuta msumari ukutani, bwana, na zulia limeliwa na panya. Ingia utafute mwenyewe."

Akatafuta. Chini ya ngazi, kisimani, nyuma ya kuni, ndani ya tanuri. Kwa muuza maziwa pia alikwenda, hakupewa kitu. Akarudi akaketi kwenye jiwe la tanuri. Evanthia akamwangalia.

"Umefiwa, bwana?"

"Chachu yangu."

Pepo alidhani atachekwa. Evanthia aliingia ndani akarudi na kitambaa chenye makombo makavu ya chachu. "Hii ya mama yangu. Siku tunakimbia, mkono huu mtoto, mkono huu hii. Chukua nusu. Uilowanishe na maji ya vuguvugu, na usiiharakishe, ina kiburi."

Mkate ukaumuka, ila haukuwa ule. Ulikuwa mweusi kidogo, tena mkali. Wateja wakaguna. "Pepo, siku hizi unakandia siki?"

"Imetoka mbali," alikuwa akiwajibu, "haijayazoea maji ya hapa. Ipeni muda." Wakaipa muda, na mwishowe wakaacha kuguna. Djoya alisema ni mzuri. Pepo alikula kipande kimoja, kingine akakirudisha kapuni.

Mkate alioka mpaka mgongo ukapinda. Lakini kila ilipotia nanga meli kutoka Izmiri, bandari ya Uturuki, alishuka bandarini na aproni yake, akamshika kila baharia mkono na kila mfanyabiashara wa tumbaku, awe Mturuki, awe Mgriki, akawauliza neno lile lile, nao wakatikisa vichwa wakaenda zao: kuna mjane huko, Nefise, alitoka Saloniki mtaa wa juu na furushi kifuani, je, anaoka mkate kwa chachu ya Kiyahudi, au aliimwaga baharini kwa uchungu alioondoka nao?