Mifupa Nyuma ya Ukuta wa Handaki

Khalfan hakuwa mtu wa ugomvi. Pale West End, mtaa wa mji wa Alexandria jirani na Washington, alikoishi na mkewe Adela, Watanzania wenzake walimjua kwa upole, hata vikao vya harusi vikichafuka, yeye ndiye aliyesema, "Jamani, tukae." Mzaliwa wa Korogwe, alikuwa fundi wa kujenga kuta za chini ya ardhi, na mwaka jana alipata kazi ya kupanua handaki moja kongwe la reli upande wa Washington.

Handaki hilo refu lilichimbwa karne ya kumi na tisa, kwa sululu, baruti na migongo ya watu. Wachimbaji walikuwa Waairishi waliokimbia njaa kwao, na Weusi waliotoka utumwani juzijuzi tu. Wahandisi walisifiwa magazetini. Wachimbaji hawakutajwa.

Asubuhi moja ya Machi, katapila likabomoa kipande cha ukuta wa matofali na udongo ukaporomoka. Ombeni, Mkongomani aliyekuwa akiliendesha, akapiga kelele.

"Kaka Khalfan! Kuya uone! Huku kuko batu!"

Kweli walikuwa watu: mafuvu matatu, mbavu zilizobanwa na boriti iliyooza, na kiatu cha ngozi chenye misumari. Ilionekana paa liliwaangukia wachimbaji hao, na wenye haraka ya reli wakajenga ukuta mbele yao, kazi ikaendelea.

Wayne, msimamizi wao, akaja akachungulia. "Mifupa ya ng'ombe hiyo. Pakieni kwenye tipa."

"Ng'ombe alivaa kiatu?" Khalfan akauliza.

"Tumechelewa, Khalfan. Serikali ikijua, kazi itasimama. Pakia!"

Damu ikamchemka. Kule Korogwe, bibi yake alizoea kumwonyesha mahali kando ya reli ya Wajerumani walipofukiwa watu waliochapwa viboko hadi wakafa kazini, bila sanda wala dua. Alikua akidhani ni unyama wa kikoloni uliokwisha na wakoloni wenyewe. Kumbe!

Akavua glavu, akasimama mbele ya katapila. "Nipakie mimi kwanza."

Ombeni akazima injini.

"Toka hapo, la sivyo kazi huna!" Wayne akafoka.

"Chukua kazi yako! Watu hawa waliuawa na haraka, wakafukiwa kwa haraka, na leo mnataka kuwatupa dampo kwa haraka ileile? Hawakuzaliwa hawa?"

Akatoka hadi mlangoni ambako simu hushika, akawaita polisi mwenyewe.

Kazi ikasimama. Wataalamu wakaitoa mifupa kwa brashi, taratibu, kama watu wanaomvua mtoto nguo. Wiki hiyohiyo Khalfan akafukuzwa, eti kwa kuvunja kanuni za usalama. Usalama!

Maziko yalifanyika Juni. Hakualikwa, akaenda kwa basi na treni ya Metro. Mkurugenzi wa kampuni alisimama mbele ya kamera, tai imemkaa vizuri. "Tangu siku ya kwanza," akasema, "kampuni yetu iliwapa mashujaa hawa heshima yao."

"Mwongo!" Khalfan akapaza sauti kutoka nyuma. "Mlitaka kuwapeleka dampo! Muulizeni Wayne, yule pale!"

Wayne akainamisha kichwa. Mlinzi akamkamata Khalfan mkono, lakini bibi mmoja wa kanisa la Weusi, aliyekuja kuwaimbia marehemu, akamwambia mlinzi, "Mwachie. Tunataka kusikia."

Khalfan akasimulia yote, Kiingereza kikimkwama kwa hasira, huku mkurugenzi akiingia garini.

Siku ya tatu ofisi ikampigia simu: arudi kazini, mradi awaambie waandishi kwamba alikosea. Adela alikuwa kando yake, anamtazama usoni.

"Wanasemaje?" akauliza.

"Wanataka nami nijenge ukuta."

Adela akamnyang'anya simu, akaikata.

Sasa Khalfan anaegesha magari ya wageni hotelini Alexandria. Kampuni haijaomba radhi mpaka leo, na ukimuuliza habari za kampuni hiyo, yule mpole wa vikao vya harusi hupandisha sauti hadi majirani wafungue madirisha.