Kijiji Kimenitenga kwa Ajili ya Pembe za Karibiani

Wasomaji wote wa ukurasa huu, wa bara na wa visiwani, natangaza kwa heshima zote kwamba jogoo wa mzee Masanja ameingia uani kwangu tangu juzi, na hakuna aliyekuja kumfuata. Anakula mtama wangu na kuwika anapojisikia. Mzee Masanja humwita kutoka nje ya ua wangu wa minyaa, uso ameugeuzia kwingine, kana kwamba anaita mvua.

Hawezi kuingia kwa sababu nimetengwa. Nimeomba jina langu lifichwe, ingawa huku Shinyanga vijijini aliyetengwa kwa sababu ya pembe ni mimi peke yangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita. Nina mke, Mama Kulwa, na watoto watano. Shule niliishia darasa la nne. Mengine nimeyasomea redioni na kwenye magazeti yaliyofungia sukari, ilipopatikana. Kazi yangu ni kutengeneza pembe za kupuliza. Tangu sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, waanze kulinda ng'ombe, kila boma linataka yake. Ukiipuliza, kila anayesikia anatoka na upinde na mishale, anakimbilia ulipo. Asiyetoka anatozwa faini. Wezi wamepungua, nami nimeezeka bati.

Sasa kuna mgeni, fundi wa visima, amepanga Ibadakuli. Ni mweusi kama sisi. Ukimwona unasema huyu ni mtu wa Bukoba, mpaka afungue mdomo. Kwao ni kisiwa kimoja huko Karibiani. Alipita kwangu, akaziona pembe, akauliza ni za nini. Nikamweleza. Akasema hata kwao maduka yanavunjwa sana. Kisha akaagiza sita, aondoke nazo mkataba wake ukiisha.

Ndugu zangu, hebu fikirini. Kisiwa kizima kinavunjiwa maduka, na mtengenezaji ni mimi! Nikamwambia Mama Kulwa kwamba nimeingia kwenye biashara ya nje.

"Nje wapi?"

"Nje ya nchi. Vifaa vya usalama."

Akanitazama kama anavyomtazama ng'ombe anayekohoa. "Baba Kulwa, huko wakipuliza, nani atakimbia?"

Swali hilo sikulipenda, maana lilikuwa na akili. Pembe bila majirani ni kelele tu. Nikawaza basi nitamfundisha mgeni na taratibu zake, mlio upi ni wa mwizi na upi ni wa mkutano.

Aliporudi kuchagua pembe zake akasema, "Piga moja, nisikie." Nikapuliza kidogo, kwa shavu moja. Kidogo yangu si kidogo. Mgeni hajamaliza kusifia, uani pamejaa mishale. Mbele yuko Luhende, kamanda wa sungusungu, povu la sabuni bado liko kidevuni.

"Mwizi yuko wapi?"

"Hakuna mwizi, kamanda. Huyu ni mteja."

Wakamsalimia kwa Kisukuma. Akatabasamu tu, na tabasamu lenyewe likawa ushahidi.

"Ana ng'ombe wangapi huyu?"

"Hana."

"Hana ng'ombe, pembe ya nini?"

Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa naandika. Nikasema kwa sauti ya redio, "Kamanda, hivi ni vifaa vya usalama. Vinakwenda Karibiani."

"Karibiani iko upande gani wa Kahama?"

"Mbele zaidi."

"Aha! Kwa hiyo watu wa mbele ya Kahama wataujua mlio wetu."

Mmoja akadakia kutoka nyuma, "Ndiyo maana wiki iliyopita mbwa walibweka bure!"

"Wiki iliyopita hakuna aliyeibiwa," nikasema.

"Walikuja kupima," akajibu.

Mgeni wakamwacha aende, kwa kuwa ana gari la serikali. Mimi nina baiskeli, nikatengwa. Hakuna wa kunisalimia wala wa kunipa kaa la moto. Hayo nayaweza. Nisiloliweza ni Mama Kulwa kufika kisimani, wanawake wakanyamaza mpaka achote aondoke. Mwanangu Doto aliposhikwa na homa kali, nilimfunga mgongoni kwa kanga nikamwendesha kwa baiskeli peke yangu hadi hospitali ya Kolandoto, na wote walioniona walikuwa wanatazama mashamba yao. Mama Kulwa amesema jambo hili likipita Jumapili, anarudi kwao Maswa na watoto. "Mimi sikuolewa na Karibiani," kasema.

Kamanda naye amepaza ujumbe wake nje ya minyaa: Jumapili nisimame mkutanoni, nikiri kwamba niliuza siri ya kijiji, nitoe ng'ombe aliwe, yaishe. Nikikiri, mke wangu anabaki, lakini wanangu wataitwa watoto wa msaliti, na nani atanunua pembe kwangu tena? Ingawa, nisiwafiche, siku hizi wananiogopa kidogo, na kuogopwa kuna utamu wake.

Nikikataa, itabidi niwaeleze alichoniambia mgeni Jumanne alipokuja kuchukua mzigo wake. Wataniamini papo hapo, ng'ombe wangu atapona, na watanicheka mpaka siku ya kunizika. Hata Mama Kulwa sijamwambia.

Nishaurini jamani, nife msaliti au niishi nikichekwa?

Mgeni aliniomba niyazibe matundu kwa nta, kwa sababu pembe zitatundikwa ukutani kwenye baa ya shemeji yake, na hataki mende wazaliane ndani.