Ukuta Nilioubomoa kwa Mkono Mmoja

Jamani, niliwahi kubomoa ukuta bila kuugusa. Na aliyefukuzwa kazi si mimi.

Kazi yangu ni kusimama chini kwenye ujenzi na kumwonyesha dereva wa kreni ishara kwa mikono. Pandisha, simama, shusha. Yeye yuko juu kule, haoni mzigo unapotua. Ananiangalia mimi tu.

Dereva wetu tulimwita Kapteni. Mtu wa vyeti, mhandisi mwenyewe anamsalimia kwa adabu. Mimi? Kibarua niliyeokotwa getini. Lakini mchana alikuwa anashuka ngazi zote zile kuja kula na mimi juu ya mifuko ya saruji.

"Macho yangu," ndivyo alivyoniita. "Hebu sogea nikae."

Sasa siku hiyo bamba la zege linaning'inia hewani, na mimi namsimulia fundi rangi bao la jana. Kiherehere changu hicho! Nikaonyesha mpira ulivyozama wavuni, mkono ukashuka puu!

Kapteni akaona ishara. Akashusha.

Bamba likaugonga ukuta mpya, wote ukaenda chini. Fundi mwashi mmoja akavunjika mguu.

Mhandisi akaja anafoka. "Nani kafanya upuuzi huu?"

Nikafungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua, kisha nikajibanza nyuma ya fundi rangi.

"Mimi," Kapteni akasema, ndiyo kwanza ameshuka ngazi. "Nimekosea mwenyewe kule juu."

Wiki ileile akafukuzwa, cheti chake kikafungiwa. Mimi nikabaki na kazi. Nikajiambia kesho nitasema ukweli.

Ikapita miezi saba.

Juzi nikamkuta anafungua geti la maegesho ya magari, kofia ya ulinzi imempwaya. Akaniona, uso ukachanua.

"Macho yangu! Watoto hawajambo?"

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mhandisi, nikasema yote, kamasi zinanitoka. Nifukuzeni mimi, bosi, mrudisheni yeye.

Mhandisi hakushtuka. Akavua miwani.

"Najua. Kapteni alinieleza siku ileile. Kampuni ilitaka mtu mmoja aondoke, akasema aondoke yeye, wewe una watoto wadogo. Akaniomba nisikuulize kitu."

"Kwa nini usiniulize?"

"Alisema, 'Yule namjua. Kesho asubuhi atakuja mwenyewe.' Basi kila asubuhi alikuwa ananipigia simu, anauliza kama umekuja."

Akavaa tena miwani.

"Mwezi wa tatu tangu afukuzwe, akaacha kupiga."

Ndugu yangu unayesoma, nimeumia mpaka leo. Cheti chake hakijarudi, na kreni ina dereva mwingine. Kama kuna mtu amebeba lawama yako, usijidanganye kwamba anachongoja ni shukrani. Anangoja aone kama hakukosea kukupenda. Nenda leo, kabla hajaacha kuulizia.