Koti la Maabara na Suruali ya Shemeji

Shule niliiacha darasa la tatu, huko Kongo, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Cherehani ndiyo iliyonipa duka Jeppestown na chumba Bellevue, mitaa ya huku ugenini. Kwa hiyo binti yangu alipokosa nafasi ya udaktari, nilijua watu wa kanisani watakuja. Watu wetu hawawezi kuiona shida ya mwenzao wakaiacha bila ushauri.

Chuo kilimpa kemia. Akaniambia, "Papa, nasoma hiyo kwanza. Nikimaliza naomba udaktari tena. Inaruhusiwa." Nikamwambia asome.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hakupenda. Alikuwa ameshamtafutia binti mchumba, mtu wa Turffontein mwenye malori, na kwetu mjomba ana sauti katika ndoa ya mpwa wake.

"Kemia ni udaktari wa kujifariji, shemeji," alisema. "Aolewe kabla hajazeekea kwenye vichupa."

Nilimjibu kwa cherehani. Chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na koti jeupe la maabara. Wengine walinunua. Wangu anunue, na mimi baba yake niko hai? Nilimshonea koti ambalo mchungaji angevaa harusini: poliesta inayong'aa, kiuno kimebanwa, vifungo vya rangi ya dhahabu vimesongamana toka shingoni hadi magotini, na matundu yake nimeyashona kwa mkono.

Siku ya kwanza ya maabara alirudi nalo mapema, limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Walikuwa wamemzuia mlangoni.

Shemeji alikuwepo dukani, nyuma ya pazia. Alikuwa amenivulia suruali nimpanulie kiuno, maana jioni ile alikuwa anakwenda Turffontein kupanga siku ya watu wa mchumba kuja.

"Eish, mlango wa kwanza tu!" alicheka, pazia likatikisika. "Mungu aseme kwa lugha gani tena?"

Nikamuuliza binti, "Wamesema nini?"

"Ni zuri, Papa. Ila poliesta ikishika moto inayeyuka, inagandia ngozi. Na asidi ikinimwagikia, koti linatakiwa litoke mara moja. Kwa vifungo hivi, nitakuwa nimeungua na bado niko kwenye cha tatu."

Maisha yangu yote nashona nguo zisifunguke. Sasa mtoto anataka nguo ya kufunguka. Haya. Nikaisukuma suruali ya shemeji pembeni, nikatandika pamba nzito mezani, nikashika mkasi.

"Shemeji, suruali yangu?"

"Iko kwenye foleni."

"Watu wananisubiri!"

"Nenda. Mlango uko wazi, na Jeppestown wameona mengi."

Alishinda kule nyuma na bukta yake, mara amtaje dada yake, mara amtaje Mungu. Binti alikaa kwenye kiti cha wateja, akijisomea kwa sauti majina ya kemikali. Sikuelewa hata moja. Nilikanyaga pedali tu.

Jua lilipoanza kushuka niligonga kifungo cha mwisho kati ya vile vya chuma vya kubonyeza. Binti akavaa, akalishika koti kifuani kwa mikono miwili, akavuta. Tra-tra-tra, likafunguka lote. Akacheka. Akalifunga, akavuta tena.

"Nini hiyo?" shemeji akauliza.

"Kemia," nikasema, nikamrushia suruali yake juu ya pazia kama alivyoileta. "Ukifika Turffontein, waambie binti yangu yuko maabara. Ukiwaambia vingine, tafuta fundi mwingine."

Akaondoka, kiuno hakijafunga, amekificha kwa mkanda. Wenye malori hawakuja.

Sasa binti yuko mwaka wa mwisho, na udaktari ameshaomba. Kila Jumapili kanisani wananiuliza, "Na wakimkataa tena?"

Ataomba tena. Lile koti limejaa madoa ya njano yasiyotoka, na mkono mmoja umetoboka. Pamba ninayo. Nitamshonea jingine.